Sikio la Kufa: Mbinu za Kumvuta Mteja Asiyetaka Tiba

Mteja asiyetaka tiba amefika mbele ya mnasihi kwa miguu yake lakini si kwa hiari yake. Ameletwa na mke, mzazi, mwajiri, mwalimu wa nidhamu au hakimu, na mara nyingi anajua vizuri kwa nini ameletwa. Asichokubali ni kwamba tatizo ni lake, au kwamba hao waliomleta wana haki ya kumnyoosha. Hujibu "sawa" na "nimekuelewa", hutazama saa, akitoka harudi. Katika tiba ya pombe na dawa za kulevya watu wa namna hii ni wengi mno kuhesabiwa kuwa kero ya siku mojamoja, na ndiyo maana karibu mbinu zote za kuamsha nia ya mteja zilizaliwa huko, kisha zikaazimwa na wanaohudumia wagonjwa wa kisukari, wanaotumia dawa za VVU na vijana watoro wa shule.

Lugha ya mitaani ya Tanzania imeligusa jambo hili kwa neno moja. Mtumiaji wa heroini huitwa teja, neno lililokatwa kutoka "mteja": mnunuzi asiyekosa wa muuza unga. Mnasihi anapomwita mtu huyohuyo mteja wake, ameingia kugombea mnunuzi na mfanyabiashara ambaye bidhaa yake haihitaji kunadiwa.

Wahenga walikuwa na hukumu fupi kwa mtu asiyeambilika: sikio la kufa halisikii dawa. Methali hiyo inauweka ukaidi ndani ya sikio. Msemaji amefanya wajibu wake, dawa ni nzuri, kilichooza ni sikio. Kwa muda mrefu taaluma ya tiba ya mazungumzo nayo iliamini hivyo, ingawa kwa maneno ya kisomi zaidi. Sigmund Freud, akiwatibu watu mjini Vienna mwishoni mwa karne ya 19, aliona wagonjwa wake wakikwepa kumbukumbu zinazowaumiza, akauita mkwepo huo ukinzani na kuuhesabu kuwa sehemu ya ugonjwa. Katika vituo vya kutibu ulevi vya Marekani katikati ya karne ya 20, dhana hiyo ilivuliwa ustaarabu wake. Mlevi akawa mtu wa kukana kwa asili, na kukana kukawa ukuta wa kubomolewa. Akikubali kuwa ni mlevi, amekiri. Akikataa, kukataa kwenyewe kukawa ushahidi. Mtego huo haukuwa na mlango wa kutokea.

Mbinu iliyotokana na imani hiyo ilikuwa kumkabili mtu na kumsuta. Mfano uliovuka mipaka yote ni Synanon, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1958 huko Santa Monica, California, na Charles Dederich, mlevi aliyekuwa ameacha pombe. Wakazi wake walikaa duara katika kikao walichokiita Mchezo, wakamshambulia mwenzao kwa maneno, wakimfichua uongo wake, uvivu wake na visingizio vyake, mara nyingi kwa kelele na matusi. Pwani ya Afrika Mashariki inaujua vizuri ufundi wa kusuta, lakini huko mzushi husutwa ili aaibike na anyamaze. Hakuna aliyewahi kudai kwamba anasutwa ili apone. Synanon iliishia kuwa kundi la kidini lenye vitisho. Mwaka 1978 wafuasi wake waliweka nyoka mwenye sumu ndani ya sanduku la barua la wakili aliyewashinda mahakamani. Hata hivyo vituo vingi vya kuwatibu waraibu kwa kuishi pamoja viliiga muundo wake, na vikao vya kumvunja mtu viliendelea miaka mingi baada ya mwanzilishi kuaibika.

Njia ya upole kidogo ilitoka Minnesota. Vernon Johnson, kasisi wa Kanisa la Episkopali ambaye naye aliwahi kuwa mlevi, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1973 jinsi familia inavyoweza kumshtukiza mhusika. Ndugu, jamaa na bosi wanajipanga kwa siri wakiongozwa na mtaalamu, wanamwita bila kumwambia sababu, kila mmoja anamsomea aliyotendewa, na mwisho anapewa masharti: tiba leo, au kazi na ndoa mashakani. Mantiki yake inaeleweka. Johnson hakutaka familia zisubiri mpaka mlevi apoteze kila kitu ndipo aamke. Vipindi vya televisheni vimeupenda mtindo huu kwa sababu una machozi na mlango unaofungwa kwa kishindo.

Ushahidi uliotikisa imani hii ulianza kama jambo la kando. Mwaka 1980 mwanasaikolojia William R. Miller na wenzake walichapisha jaribio la kuwafundisha wanywaji kupunguza pombe. Wanasihi walikuwa 9, wote wakifuata mafunzo yaleyale. Waliopimwa kuwa wasikilivu zaidi, wenye kumwelewa mtu kabla ya kumjibu, walipata matokeo bora kwa kiasi cha kushangaza: tofauti za usikivu zilieleza takriban theluthi mbili ya tofauti za unywaji wa wateja miezi 6 baadaye. Kulikuwa na jambo jingine la kunyenyekeza. Wateja waliopewa kijitabu cha kujisaidia na kurudishwa nyumbani hawakuachwa nyuma na waliokutana na wanasihi. Kwa maana hiyo, mteja wa mnasihi asiyesikiliza angefanya vyema zaidi kubaki na kijitabu.

Mwaka 1985 huko Oregon, Gerald Patterson na Marion Forgatch walichukua hatua ya ujanja zaidi. Walifanya kazi na wazazi wa watoto watukutu, na wakawataka watibu wabadilishe mtindo ndani ya kikao kwa makusudi: dakika kadhaa za kufundisha na kukabili, kisha dakika kadhaa za kuunga mkono na kusikiliza, kisha kurudia. Ukinzani wa wazazi ulipanda na kushuka kufuata mtindo wa mtibu, kama sauti ya redio inavyofuata mkono wa anayeizungusha. Mwaka 1993 Miller na wenzake wakarudi na wanywaji 42. Kadiri mnasihi alivyomkabili mteja, ndivyo mteja huyo alivyokuwa akinywa zaidi mwaka mmoja baadaye.

Tafiti hizi zimenukuliwa mno, na inafaa kukumbuka udogo wake. Wanasihi 9 ni wachache. Uhusiano kati ya makabiliano na ulevi unaweza pia kusomwa kinyume, kwamba mteja mbishi ndiye anayemfanya mnasihi apandishe sauti. Jaribio la Oregon ndilo lenye uzito zaidi kwa sababu ndani yake mtindo wa mtibu ulibadilishwa kwanza, na ukinzani ukafuata. Lilionyesha kwamba ukaidi, angalau kwa sehemu, hutengenezwa palepale kati ya watu wawili. Sikio lilikuwa zima. Dawa ilimwagwa kwa pupa.

Sababu yake haiko mbali. Mwaka 1966 Jack Brehm alieleza kwamba mtu anayehisi uhuru wake unabanwa hupata msukumo wa kuurudisha, hata kwa kung'ang'ania jambo ambalo hakuwa na haja nalo sana. Mlevi mara nyingi ana nia mbili. Anapenda pombe, na anaona inavyommaliza. Mnasihi akishika upande mmoja wa mabishano hayo, mteja anabaki na upande wa pili, na kwa kuwa mtu huamini yale anayojisikia akiyasema, kila dakika ya ubishi inamkazia msimamo.

Miller aliufikia uelewa huu kwa bahati. Mwaka 1982, akiwa likizo ya utafiti katika kliniki karibu na Bergen, Norway, alikutana mara kwa mara na wanasaikolojia vijana waliomtaka aigize jinsi anavyozungumza na wateja. Walikuwa wakimkatiza: kwa nini umeuliza hilo, kwa nini umelirudia neno hili na kuliacha lile? Alipolazimika kujibu aligundua kwamba alikuwa akifuata kanuni ambazo hakuwahi kuziandika. Mwaka 1983 alizichapisha. Mwaka 1989, huko Australia, akakutana na Stephen Rollnick, mwanasaikolojia aliyekulia Afrika Kusini na kufanya kazi Cardiff, na mwaka 1991 wakatoa pamoja kitabu kilichoipa mbinu hiyo umbo. Toleo la nne lilitoka mwaka 2023. Kwa Kiswahili inaweza kuitwa mahojiano ya kuamsha ari, ingawa uhoji wake ni mdogo kuliko jina linavyodai.

Tofauti inaonekana haraka katika mfano wa kubuni. Mume ameletwa na mkewe. "Mwenye tatizo ni yeye, mimi nakunywa kama wenzangu." Mnasihi wa kukabili anajibu, "Lakini kaka, umeanguka na pikipiki mara mbili mwaka huu." Jibu linalofuata linajulikana kabla halijatoka: "Hata wasiokunywa wanaanguka." Mnasihi wa shule ya Miller anarudisha alichosikia: "Kwa hiyo hapa umekuja kwa ajili ya shemeji, wewe mwenyewe huna shida." Mume hana cha kubishia, na katika ule ukimya mara nyingi hujisahihisha: "Siyo kwamba sina kabisa. Pesa kweli inapotea." Hapo mnasihi haruki kushangilia wala kuhubiri. Anaomba kusikia zaidi juu ya hiyo pesa.

Kauli kama hiyo ya mwisho ndiyo windo la mbinu nzima. Wataalamu huiita kauli ya mabadiliko, na kazi ya mnasihi ni kuitega, kuitambua inapopita na kuikuza. Vyombo vyake ni vichache: maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, kutambua jema alilofanya mteja, kumrudishia maneno yake kwa namna inayochimba zaidi, na kuyafunga pamoja mara kwa mara. Ushauri haukatazwi. Unapigiwa hodi. Mnasihi huuliza kwanza mteja anajua nini tayari, huomba ruhusa ya kuongeza, husema kwa ufupi, kisha huuliza mteja ameonaje. Anayejua adabu ya kuingia nyumba ya mtu tayari anaijua nusu ya mbinu hii. Ngumu ni kungoja kweli jibu la hodi, na kukubali kwamba mwenye nyumba anaweza kukaa kimya.

Mbinu ilienea kuliko ushahidi wake. Kipimo kikubwa cha kwanza kilikuwa mradi wa Marekani ulioitwa Project MATCH, uliotangaza matokeo mwaka 1997. Wateja 1,726 wenye tatizo la pombe waligawanywa kwa kura katika tiba tatu: vikao 12 vya kuwaingiza katika Hatua 12 za Walevi Wasiojulikana, vikao 12 vya kubadili fikra na tabia, na vikao 4 tu vya kuamsha ari. Lengo lilikuwa kugundua mteja yupi anafaa tiba ipi. Matokeo ya tiba zote tatu yalikaribiana sana. Wapenzi wa mbinu ya Miller walishangilia kwa haki, maana vikao 4 vilikimbia bega kwa bega na 12. Lakini palikuwa na tundu ambalo halikutajwa sana katika sherehe hizo. Mbinu iliyobuniwa kwa ajili ya wasio na ari ilitarajiwa kuzipita zile nyingine kwa wateja wa aina hiyohiyo, na dhana hiyo haikuthibitika kwa uthabiti. Iliyosimama vizuri zaidi ilikuwa nyingine: wateja waliokuja na hasira nyingi walifanya vyema zaidi katika vikao vya kuamsha ari kuliko katika vile vingine. Huenda basi kinachofanya kazi ni kutowasha moto zaidi, kuliko kuwasha ari.

Mapitio ya baadaye yalipunguza shamrashamra. Mwaka 2011 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulikusanya tafiti 59 zenye washiriki zaidi ya 13,000 wenye matatizo ya ulevi na dawa za kulevya. Mahojiano ya kuamsha ari yaliwashinda watu walioachwa bila tiba yoyote, na faida ilikuwa kubwa zaidi mara tu baada ya vikao, ikafifia kadiri miezi ilivyosonga. Yalipolinganishwa na tiba nyingine au huduma ya kawaida, hapakuwa na tofauti ya maana. Mapitio mengine ya Cochrane yaliyohusu vijana na pombe yaliona faida ndogo mno kuwa na uzito katika maisha ya kila siku. Mbinu hii ni nzuri kuliko kukaa bure, na inagharimu muda mchache. Hayo si madogo, ila hayafanani na sifa zinazotolewa katika warsha za mafunzo.

Warsha zenyewe ni sehemu ya tatizo. Miller na wenzake walichunguza mafunzo ya siku mbili na kuona kwamba washiriki walitoka wakijiamini zaidi huku mazungumzo yao na wateja yakibadilika kidogo sana. Utafiti wao wa mwaka 2004 ulionyesha kinachosaidia: kurekodi vikao, kusikilizwa na mwenye ujuzi, na kusahihishwa mara kwa mara. Kwa maneno mengine, ni ufundi unaofunzwa kama useremala, kwa kukaa karibu na fundi na kuharibu mbao kadhaa, wakati taasisi nyingi hununua cheti cha siku mbili.

Hata vipande vilivyoonekana salama vimelazimika kuachwa. Kwa miaka mingi mnasihi alifundishwa kumwongoza mteja kuandika faida na hasara za kuacha, upande huu na ule, kama daftari la duka. Mwaka 2015 Miller na Gary Rose walipitia ushahidi wa zoezi hilo na kuonya kwamba kwa mtu ambaye bado ana nia mbili linaweza kupunguza azma ya kubadilika. Ni rahisi kuona kwa nini: nusu ya muda mteja anatumia kutaja, kwa ufasaha na mbele ya shahidi, mazuri yote ya pombe. Mwanzilishi aliyekubali kusahihisha kazi ya watu wake anastahili heshima; wanasihi wanaoendelea kugawa karatasi hizo ni wengi.

Pamoja na mbinu hii husafiri mchoro wa hatua za mabadiliko, uliotokana na kazi ya James Prochaska na Carlo DiClemente, waliochapisha mwaka 1983 utafiti juu ya watu 872 waliokuwa wakijaribu kuacha sigara. Mtu anasemekana hutoka katika kutofikiria kubadilika, huanza kufikiria, hujiandaa, hutenda, kisha hudumisha. Mchoro huo umebandikwa kwenye kuta za vituo vingi kwa sababu unamwondolea mteja lawama na kumpa mnasihi subira. Kama sayansi, una nyufa. Mtu anayepanga kuacha ndani ya miezi 6 yuko hatua moja, wa miezi 7 yuko nyingine, na hakuna aliyeonyesha kwamba kitu chochote hubadilika ndani ya binadamu katika mwezi huo mmoja. Mwaka 2005 Robert West, mtafiti wa uvutaji sigara wa Uingereza, alipendekeza uzikwe, akisema watu wengi huacha ghafla bila kupita ngazi zozote. Madhara yake ya vitendo yanajificha: mteja akishaandikwa kwenye faili kwamba hajafika hatua ya kufikiria, anaweza kunyimwa huduma ambayo ingemfanya afikirie.

Kuna kambi nyingine isiyojali nia hata kidogo. Inauliza mteja atapata nini akija. Stephen Higgins, katika Chuo Kikuu cha Vermont, aliwapa watumiaji wa kokeini vocha za manunuzi kila mkojo wao ulipopimwa na kukutwa safi. Katika jaribio lake la mwaka 1994, asilimia 75 ya waliopewa vocha walimaliza wiki 24 za tiba, dhidi ya asilimia 40 ya waliopata ushauri uleule bila vocha. Nancy Petry, wa Connecticut, akapunguza gharama kwa kutumia bahati nasibu. Mteja mwenye kipimo safi alichovya mkono ndani ya bakuli lenye karatasi 500. Nusu ziliandikwa maneno ya pongezi tu, nyingi kati ya zilizobaki zilikuwa na zawadi ya dola 1, chache zaidi dola 20, na moja zawadi kubwa ya dola 100. Ushahidi wa zawadi katika kumfanya mtu abaki kwenye tiba ni miongoni mwa ulio imara kuliko wote katika fani hii, na bado vituo vingi vinaikwepa.

Pingamizi ni mbili. Moja inasema kwamba zawadi ikikoma, sehemu ya faida hupotea. Hilo ni kweli, lakini ni kweli pia kwa vidonge vya shinikizo la damu. Ya pili ni ya kimaadili: kwa nini mtu alipwe kwa kufanya linalompasa, wakati jirani yake asiyetumia dawa hapati kitu? Swali hilo ni gumu zaidi penye umaskini, ambapo zawadi ndogo inaweza kuwa chakula cha siku. Mwenye njaa hawezi kuikataa, na asiyeweza kukataa hajachagua.

Yuko pia mteja ambaye hafiki kabisa, na kwake mbinu zote za chumbani hazina kazi. Robert Meyers, wa Chuo Kikuu cha New Mexico, aliwageukia walio nyumbani. Mke au mama anafundishwa kutambua saa ambazo mhusika hana kilevi na kuzifanya ziwe na thamani, kuacha kumfunikia madhara ya ulevi wake, kujilinda dhidi ya kipigo, na kungoja dakika ambayo yeye mwenyewe ameumizwa na pombe ndipo ataje tiba, kwa maneno machache na bila jazba. Mwaka 1999 Miller, Meyers na J. Scott Tonigan walilinganisha njia hii na nyingine mbili kwa ndugu 130 wa walevi waliokataa tiba. Kwa mafunzo ya Meyers, asilimia 64 ya walevi waliingia kwenye tiba. Kwa mkutano wa kushtukiza wa Johnson walikuwa asilimia 30, na kwa kundi ambalo familia zilielekezwa kwenye vikundi vya ndugu wa walevi, asilimia 13.

Tarakimu hizi zinahitaji kusomwa kwa haki. Vikundi vya ndugu havikuundwa kumvuta mlevi. Kusudi lake ni kumtuliza aliyechoka naye. Na familia zilizofundishwa njia ya Johnson zilishindwa hasa kwa kuwa karibu 7 kati ya 10 hazikuitisha mkutano wenyewe. Zilizothubutu, nyingi zilifanikiwa. Kasoro ya mbinu hiyo basi ni kwamba inadai kwa watu waliojeruhiwa ujasiri ambao wengi hawana, na tiba isiyotumika haiponyi hata kama ni kali.

Nguvu za dola ni mlango wa mwisho. Mahakama maalumu za dawa za kulevya zilianza Miami mwaka 1989, zikimpa mshtakiwa nafasi ya kutibiwa badala ya kufungwa, na kwa kuwa hakimu anafuatilia, watu hubaki kwenye tiba kwa muda. Hilo ni tofauti na vizuizi ambamo mtu hufungiwa bila chaguo. Mwaka 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja la kutaka vituo vya kuwazuilia watumiaji kwa nguvu vifungwe, na mapitio ya mwaka 2016 yalipata tafiti 9 tu zenye sifa za kuhesabiwa, ambazo kwa jumla hazikuonyesha kwamba kulazimishwa kunasaidia. Anayemkamata kijana wake usingizini na kumpakia kwenye gari hadi kituoni husukumwa na mapenzi, lakini ushahidi hauko upande wake.

Ikiwa kusuta kunaharibu na nguvu haisaidii, upole nao una deni lake la kujieleza. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na methali hiyo haisemi nyoka anangojewa na nini nje. Mnasihi anayetega kauli za mabadiliko anajua anakotaka mteja afike. Mteja mara nyingi hajui kwamba anaongozwa. Muuza bima na mgombea ubunge wanaweza kujifunza vyombo vilevile. Miller na Rollnick waliliona hilo, na katika toleo la mwaka 2013 waliongeza huruma kati ya nguzo za mbinu yao, wakimaanisha kwamba faida inayotafutwa sharti iwe ya mteja. Ni nyongeza ya dhati, ingawa huruma haipimiki kwa urahisi kama idadi ya maswali. Kinga ya wazi zaidi ni ya kizamani: kumwambia mteja tangu mwanzo mnasihi ni nani, ametumwa na nani, na yaliyosemwa yatafika wapi. Mnasihi anayeandika ripoti kwa mwajiri wa mteja hawezi kulificha hilo kisha akalalamika kwamba mteja hafunguki.

Afrika Mashariki mbinu hizi zimekutana na desturi yenye matarajio yake. Ushauri nasaha, jina lenyewe, ni maneno mawili ya kumwelekeza mtu. Anayemwendea mzee, shehe, mchungaji au kungwi hutarajia kuambiwa la kufanya, na mnasihi anayerudisha kila swali huweza kuonekana hajui kazi au anakwepa. Si kwamba usikivu ni mgeni hapa. Mpatanishi mzuri wa ndoa huacha kila upande umalize maneno yake kabla ya kusema lake. Lakini kauli hiyo yake hungojewa, na mbinu iliyoundwa kwa Wanorwei na Wamarekani hulazimika kuitengea nafasi.

Majaribio ya huku yanatia moyo kwa kiasi. Katika utafiti wa Kenya uliochapishwa mwaka 2020, watu wazima 300 wa vijijini wenye tatizo la pombe waligawanywa kwa kura: mahojiano ya kuamsha ari kwa simu ya mkononi, ya ana kwa ana, au kungoja. Mwezi mmoja baadaye waliopigiwa simu walikuwa na alama za chini za unywaji kuliko waliongojeshwa, na simu haikuwa nyuma ya kikao cha uso kwa uso. Mwezi ni muda mfupi, lakini pale ambapo mnasihi yuko mwendo wa nusu siku, hilo ni jambo kubwa. Moshi, katika hospitali ya KCMC, watafiti wamerekebisha mazungumzo mafupi ya aina hii kwa Kiswahili na kuyaita Punguza Pombe Kwa Afya Yako, yakilenga majeruhi waliofika idara ya dharura. Majeruhi aliyelazwa na mguu uliovunjika hajaletwa na mke wala hakimu, na pombe haihitaji kutajwa na mtu mwingine. Mara nyingi huitaja mwenyewe.

Funzo kubwa zaidi la eneo hili halikutoka kwenye ufundi wa maneno. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa kila siku inayozuia arosto, yale maumivu ya kukosa heroini. Watu waliokuwa wakiitwa mateja wasioambilika walijipanga foleni alfajiri. Mahubiri yaliyowashinda yalikuwa yamewataka waache. Methadoni iliwapa namna ya kuacha bila kugaragara. Baadaye, wengine walipoanza kukosa siku, sababu iliyojitokeza tena na tena ilikuwa nauli. Dawa ilinywewa mbele ya mhudumu, kila siku, na aliyeishi mbali alilipa daladala kwenda na kurudi hata siku ambayo hakuwa na kibarua. Katika daftari la mahudhurio, aliyekosa nauli na aliyekosa nia huandikwa kwa alama ileile.